Samaki wa Ziwani na Baridi ya Ufipa

Mwanafunzi wetu mmoja alituletea kutoka Kasanga samaki wanne wadogo wa Ziwa Tanganyika, tukawatia katika tangi la kioo la lita 100 nyumbani kwetu Matai. Maji ya juu ya ziwa lile kwa kawaida huwa baina ya nyuzi 24 na 28. Huku kwetu mlimani, usiku wa Juni baridi hupenya blanketi.

Tukanunua hita moja ya wati 200, tukidhani kubwa ndiyo bora. Usiku mmoja swichi yake ya kujizimia ikanasa. Tulipoamka kwa sala ya alfajiri, samaki watatu walikwisha kufa, na maji yana moto kama ya kuogea mzazi. Ni nani aliyewafunga viumbe wale mahali wasipoweza kuukimbia moto? Ni sisi.

Sasa twatumia hita mbili za wati 75. Moja ikinasa, haina nguvu ya kuwaua. Ikifa, ya pili husaidia. Kipimajoto kipo upande wa mbali nazo, na binti yetu hukisoma asubuhi na jioni. Kabla ya kupunguza maji huzichomoa, akazingoja zipoe, zisipasuke. Umeme ukikatika, tangi hupewa blanketi letu.