Mchanga wa Bamburi ni shule ya mtoto wako

Je, mpenzi msomaji, ni lini mara ya mwisho mtoto wako aliporudi nyumbani na mchanga kwenye nywele? Ikiwa unaishi katika mojawapo ya majumba ya ghorofa ya Umoja, Kayole au Pipeline jijini Nairobi, yamkini hukumbuki. Watoto wengi wa mijini huzaliwa, hulelewa na kufikia umri wa kwenda shule wakikanyaga saruji, vigae na lami. Uwanja wao wa michezo ni kibaraza cha ghorofa ya nne, katikati ya kamba za nguo za majirani.

Ndiyo sababu leo tunakualika Mombasa pamoja na jamaa yako. Hatuendi kutazama Fort Jesus wala pembe za barabara ya Moi, ingawa hayo nayo yana siku yake. Twaenda kucheza mchangani.

Anayetoka Nairobi ana takriban kilomita 480 mbele yake. Treni ya abiria ya reli mpya, iliyoanza safari zake mwaka 2017, huondoka Syokimau na kukushusha Miritini. Mabasi nayo yapo, ya mchana na ya usiku. Ukishaingia mjini Mombasa, panda matatu ya kuelekea Mtwapa, uvuke daraja la Nyali, kisha umwambie utingo akushushe Pirates. Jina rasmi la pahali hapo ni Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, lakini huko Bamburi kila mtu anapajua kwa hilo jina la maharamia.

Kabla hujaiona bahari utawaona wachuuzi. Huyu ana madafu, yule ana viazi karai, mwingine mabuyu mekundu yanayopaka midomo ya watoto rangi. Matairi yaliyojazwa pumzi yamepangwa tayari kukodishwa wanaotaka kuelea. Na hapo katikati, ndani ya nyavu zilizotundikwa, zinaning'inia ndoo ndogo za plastiki, nyekundu, manjano na buluu, kila moja na beleshi lake, reki yake na vibao vya maumbo ya samaki na nyota. Mtoto akishaziona, mzazi, mfuko wako hauna amani tena.

Wazazi wengi hununua ndoo hiyo ili mtoto atulie, wao wapate kupumzika chini ya mwavuli. Si vibaya. Lakini ukweli ni kwamba umemnunulia vifaa vya shule, na mwalimu wake ni mchanga wenyewe.

Hebu tuanze na huyo mwalimu. Mchanga mweupe wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni mabaki ya matumbawe na magamba ya viumbe wa baharini, yaliyosagwa na mawimbi kwa miaka mingi. Msagaji mwingine ni pono, yule samaki ambaye Waswahili humtaja wakimsema mtu mwenye usingizi mzito. Usiku pono hulala fofofo, lakini mchana ana kazi. Huguguna matumbawe kwa meno yake magumu akitafuta mimea midogo ya kula, kisha mawe aliyoyameza humtoka yakiwa unga. Mwamba anakofanyia kazi hiyo uko mkabala na ufuo huu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1986. Mwambie mtoto wako kwamba sehemu ya ngome anayoijenga imepitia tumboni mwa samaki, halafu uone kama atasahau somo hilo.

Sasa mtazame anavyocheza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hufanya jambo moja tu: hujaza, humwaga, hujaza tena. Usimwone mjinga. Anafunza vidole kushika, kifundo cha mkono kuzunguka, na jicho kushirikiana na mkono. Misuli hiyohiyo ndiyo itakayoshika penseli atakapoanza chekechea. Beleshi lililojaa mchanga uliolowa ni zito, na kulibeba hatua tano bila kumwaga ni mazoezi makubwa kwa mwili wake.

Mtoto wa miaka mitatu au minne huanza kupika. Hapo ndipo utakapouona mchezo ambao watoto wa Nairobi huuita kalongolongo: mchanga ni unga, maji ya chumvi ni mchuzi, na wewe ni mgeni unayelazimishwa kula mara ya pili. Huku akikukaribisha, anatumia maneno aliyoyasikia jikoni, anapanga nani mama na nani baba, na anajifunza kungojea zamu yake. Ukitaka kujua mtoto wako anavyowasikia mnavyozungumza nyumbani, kaa karibu na jiko lake la mchanga.

Kuanzia miaka mitano huwa fundi. Hugundua mwenyewe kwamba mchanga mkavu haujengi, kwa kuwa chembe zake huteleza. Mchanga ulioloweshwa kidogo hushikamana, maana maji machache yaliyo kati ya chembe huzivuta pamoja. Akizidisha maji, chembe huachana na ukuta huporomoka kama uji. Hakuna aliyemwandikia somo hilo ubaoni. Amelipata kwa kuanguka kwa minara mitatu, na mnara wa nne umesimama.

Zaidi ya hayo, kuna hesabu. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), alionyesha kuwa watoto wengi walio chini ya miaka saba hivi hudhani maji yameongezeka yakimiminwa kutoka chombo kipana hadi chombo chembamba kirefu. Mtu mzima hucheka. Lakini mtoto mwenye vikombe viwili visivyofanana na mchanga wa kutosha anaweza kumimina huku na huku hata mara hamsini, mpaka siku moja aone mwenyewe kwamba hakuna kilichoongezeka wala kupungua.

Mambo haya hayakuanza juzi. Mwaka 1885, katika jiji la Boston, Marekani, lundo la mchanga liliwekwa kwenye uwanja wa kanisa dogo ili watoto wa mtaa wenye msongamano wapate pa kuchezea. Wazo lilitoka kwa daktari mwanamke, Marie Zakrzewska, aliyekuwa ameona malundo kama hayo mjini Berlin, Ujerumani. Kutokana na lundo hilo, viwanja vya michezo vya watoto vilienea katika miji mingi ya nchi hiyo. Ona basi, msomaji, kwamba walioanza kuhangaikia mchanga wa watoto walikuwa watu wa mji, waliozungukwa na majumba kama sisi.

Je, lazima ununue ile ndoo? La hasha. Mtoto wa pwani amekuwa akicheza tangu kabla plastiki haijaingia. Kifuu cha nazi ni bakuli na ni kikombe. Karara la mnazi ni jahazi. Nyumbani, kata chupa ya plastiki katikati. Nusu ya juu itachuja, nusu ya chini itabeba, mradi ukingo usiwe na makali. Ongeza mwiko wa zamani, chujio la chai lililotoboka na sufuria iliyopoteza mpini. Tena vifaa vya aina hii vina faida moja kubwa: kibao cha umbo la samaki hutoa samaki tu, lakini kifuu leo ni mnara, kesho ni kasa, keshokutwa ni kofia ya mfalme.

Ukinunua za plastiki, chagua nene zisizovunjika upesi, na uzihesabu kabla ya kuondoka. Kipande cha reki kikisahauliwa huchukuliwa na maji. Taka za namna hiyo zilizookotwa ufuoni, pamoja na malapa, ndizo mafundi wa Lamu walizozitumia kuunda jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa mita 9, ambalo mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar kuwaonya watu juu ya uchafu wa plastiki. Bahari haihitaji kuletewa mbao za jahazi la pili na mtoto wako.

Sasa tuseme ya tahadhari, maana penye raha hapakosi karaha.

Kwanza, maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa mbali sana na kujaa kwa nguvu. Waulize wavuvi au wenye maboya yatakupwa saa ngapi. Saa nzuri ya mchanga ni maji yanapopwa, asubuhi kabla ya saa nne au jioni baada ya saa kumi, jua likiwa limepunguza ukali. Na popote watoto walipo, mtu mzima mmoja awe kazini, macho wazi, simu mfukoni.

Pili, mashimo. Watu wengi hawajui kwamba shimo la mchangani laweza kuua. Kuta zake huporomoka ghafla, na mchanga ni mzito kuliko unavyofikiri. Kanuni ni rahisi: shimo lisipite magoti ya mtoto aliye mdogo kuliko wote, na pasichimbwe handaki la kupitia chini. Mkimaliza, fukieni. Kasa hutaga mayai kwenye fuo zetu, na vitoto vyao vikitumbukia shimoni vikielekea baharini usiku, havitoki.

Tatu, minyoo. Mchanga mkavu wa juu, chini ya miti, ndiko mbwa na paka hujisaidia, na vijidudu vya minyoo yao huweza kupenya ngozi ya mguu na kuacha mistari inayowasha mno. Chagua mchanga unaofikiwa na maji kila siku, kwa kuwa bahari huufua. Mnawishe mtoto mikono kabla ya kumpa kiazi karai. Na umfundishe asiokote kombe lenye mnyama ndani, maana baadhi yao wana sumu.

Huenda unasema: haya yote ni ya wenye nauli. Hapo ndipo penye neno. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 cha mkataba huo kinatambua haki ya mtoto kucheza. Katiba yetu ya 2010 nayo, katika kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapopwa ni ardhi ya umma. Kwa maneno mengine, ule mchanga mzuri wa kujengea ngome ni mali ya mtoto wa Kayole sawasawa na mgeni wa hoteli. Lakini mahali pengi njia ya kuufikia imebanwa na kuta za hoteli na nyumba za matajiri. Haki ya kukanyaga mchanga haina maana kubwa kwa asiye na kichochoro cha kuufikia. Ndiyo maana fuo chache zilizo wazi kama huu wa Bamburi zinafaa kulindwa na sisi sote, kwa usafi na kwa sauti zetu.

Na kwa wale ambao mwaka huu hawatafika, mchanga waweza kuja nyumbani. Omba karai moja la mchanga wa mto kwa mafundi wanaojenga mtaani. Uchekeche, uuoshe mara mbili tatu, uuanike juani, kisha uutie kwenye beseni pana juu ya gunia kuukuu. Mpe mtoto kikombe, kijiko na maji kidogo. Jioni funika beseni ili paka wasiligeuze msala. Sakafu itachafuka, ndiyo, lakini ufagio upo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Jumapili ijayo, kabla hujamwashia mtoto wako televisheni, mpe kwanza kitu cha kukunja.