Breka ikijizima, usikimbilie kuweka kubwa

Nyumba nyingi za familia hujengwa kidogo kidogo: vyumba viwili kwanza, kisha jiko, baadaye bafu la ndani. Umeme nao huongezwa hivyo hivyo, mpaka boksi la siku ya kwanza linabeba mzigo ambao halikupangiwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wazazi wa watoto watatu, Mbagala jijini Dar es Salaam. Walipofunga hita ya bafuni, saketi breka ilianza kujizima kila pasi ilipowashwa. Fundi wa kwanza alikuwa na jibu la haraka: "Mama, tuweke breka kubwa, haitajizima tena." Gharama ilikuwa ndogo, na baba alishaingiza mkono mfukoni. Mama akakataa. Mtoto wao wa mwisho, wa miaka miwili, alikuwa kwenye umri wa kuchokonoa matundu ya ekstensheni kwa chochote alichookota.

Mama alikuwa sahihi. Breka inapojizima kwa kuzidiwa, inalinda waya. Ukiweka kubwa bila kubadili waya, waya mwembamba huchemka ndani ya ukuta, na moto unaweza kuanzia hapo. Hesabu yake si ngumu: gawanya wati kwa volti 230. Hita ya wati 4,500 inavuta karibu ampea 20, birika la wati 2,000 karibu 9, pasi ya wati 1,200 zaidi ya 5. Vikiwaka pamoja, ni zaidi ya ampea 33.

Fundi wa pili, mwenye leseni ya EWURA, alikagua nyumba nzima na kuwaandikia orodha. Pesa ya kufanya yote haikuwepo. Wakakubaliana kinachoweza kuua kitangulie.

Kwanza waliweka waya wa ethi na RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme mara unapovuja kwenda ardhini, hata kupitia mwili wa mtu. Breka ya kawaida haiwezi kazi hiyo, kwa sababu umeme unaotosha kusimamisha moyo ni mdogo mno kuizima. Lakini RCD haimwokoi aliyeshika nyaya zote mbili, hivyo ekstensheni nazo zikaondolewa sakafuni.

Mgao wa kikoba ulipotoka, wakanunua boksi jipya lenye nafasi mbili za akiba. Mwisho ukaja waya wa peke yake wa hita, mnene, wenye breka yake. Miezi yote hiyo hita haikuwashwa, na maji ya watoto yalichemshwa jikoni kama zamani. Baba alinung'unika, lakini alingoja.

Mzazi unayepanga kazi hii, omba orodha ya vifaa kabla ya kutoa pesa na ulinganishe bei madukani. Punguza gharama kwa kugawa kazi kwa awamu, si kwa kutumia fundi asiye na leseni. Mita ya LUKU waachie TANESCO. RCD ikishafungwa, bonyeza kitufe chake cha majaribio mara kwa mara. Isipokata, ita fundi.

Na mtoto akinaswa na umeme, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua huku mwingine akitafuta msaada. Hata akiamka na kucheka, mpeleke hospitali, kwani mapigo ya moyo yanaweza kuwa yamevurugika.