Wastani wa Mtu Mmoja

Muhula huu mwalimu wetu wa takwimu alitupa zoezi ambalo wengi tulilichukulia poa. Alitutumia data za dodoso lililojazwa katika chuo kimoja cha kimataifa nchini Japani, zilizochapishwa mwaka 2019 ili yeyote azitumie. Waliojibu ni wanafunzi 268: wageni 201 na wenyeji 67. Kazi yetu ilikuwa kuangalia kama anayesoma ugenini ana sonona zaidi ya mwenyeji, na kama miaka ya kukaa inabadilisha kitu.

Kabla sijafungua Excel nilishakuwa na jibu. Jibu lenyewe lilikuwa limelala kitanda cha juu chumbani kwetu. Mwenzangu anatoka Komoro. Lugha yao na Kiswahili ni ndugu, lakini alipofika alikuwa anachanganya maneno, na nakiri tulimcheka. Siku hizi anaongea vizuri tu, ila muhula huu amekuwa kimya. Anarudi kutoka darasani, anageukia ukutani, basi. Nikimuuliza, "Mambo vipi?" anajibu, "Poa." Na mimi naendelea na yangu.

Nikaanza kuhesabu. Kipimo cha sonona kina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hufai. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27. Wastani wa wageni ukaja 8.04. Wa wenyeji, 8.61.

Nilidhani nimekosea fomula. Nikarudia, yakaja yaleyale. Tofauti hiyo ni ndogo, huwezi kusimama nayo ukasema wenyeji wanaumia zaidi. Lakini ilitosha kuniharibia jibu langu. Wageni waliwazidi wenyeji kwa mbali kwenye kipimo kingine, kile cha msongo wa kuzoea maisha mapya: 75.56 kwa 62.84.

Nikawagawa wageni kwa miaka ya kukaa. Wa mwaka mmoja walikuwa 95, wastani wa sonona 7.48. Wa miaka mitatu walikuwa 46, wastani 9.09. Mimi nilitegemea mgeni akikaa anazoea. Kweli, hawa si watu walewale waliofuatiliwa miaka mitatu, kwa hiyo siwezi kusema kukaa ndiko kulikowaumiza. Ila hapakuwa na dalili kwamba muda peke yake unatibu.

Halafu nikafika mstari wa miaka mitano. Idadi ya wanafunzi: 1. Sonona: 0. Msongo wa ugeni: 91, mkubwa kuliko mstari mwingine wowote kwenye jedwali langu.

Nilikaa na huo mstari muda mrefu. Huenda mtu huyo alikuwa sawa kabisa, anabanwa na ugeni lakini moyo wake mzima. Mimi nilichokiona ni mtu aliyeulizwa maswali 9 na kujibu "poa" mara 9. Nikakumbuka salamu zetu. Ukimwuliza mgonjwa "Hujambo?" anajibu kwanza "Sijambo", ndipo anakwambia homa haijamwachia tangu juzi. Wazee wanalijua hilo, ndiyo maana hawaishii swali moja. Watauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, mpaka lililopo litoke. Sisi wa hosteli tumeikata salamu kwenye "poa" tukakimbilia kipindi.

Usiku ule nikauliza tena. "Dada, wiki hizi unalala kweli?" Kimya. Kisha akateremka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Aliyonieleza ni yake, sitayaandika hapa. Alipomaliza akaniangalia. "Na wewe je? Unadhani sisikii unavyolia usiku?"

Nilikuwa na sapu mbili ambazo mama hazijui mpaka leo. Bumu nilikuwa nimelituma nyumbani karibu lote, nakula mlo mmoja kwa siku. Kila aliyeniuliza nilimjibu "safi". Na kwenye hesabu zangu zote sikujihesabu, kwa sababu mimi ni mwenyeji.

Jumatatu tulikwenda pamoja ofisi ya ushauri nasaha. Kila mmoja akapewa siku yake. Yeye ameshaenda mara tatu, mimi mara mbili. Usingizi wangu bado haujatulia, ila mchana nakula. Na kabla muhula haujaisha nitampigia mama simu.

Mungu akipenda, mwakani nitakuwa mwalimu, nimesimama mbele ya darasa na daftari la mahudhurio mkononi. Nitaita majina, watajibu "nipo", nitaweka alama. Naombea siku hizo nikumbuke kwamba "nipo" ni jibu la kwanza tu.

Zoezi nilipata 14 kwa 20. Mwalimu alinikata kwa kuandika aya nzima juu ya mstari wenye mtu mmoja. Alisema mtu mmoja si wastani. Kwa takwimu, yuko sahihi.