Kikombe cha Kahawa Kariakoo

Ukifika Dar es Salaam, nenda Kariakoo jioni. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wangali wapo, wanasukuma mikokoteni. Jihadhari na miguu yako!

Pembeni mwa mtaa utasikia vikombe vikigonganishwa. Huyo ni muuza kahawa. Birika lake liko juu ya makaa. Kahawa ni chungu, haina maziwa wala sukari, na kikombe ni kidogo sana. Utamu uko kwenye kashata. Mwenye duka na mchukuzi hukaa benchi moja wakizungumza.

Wewe mkulima wa Kagera au Kilimanjaro, kaa nao uonje. Wahaya walitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa tangu kale, lakini wakulima wengi niliowatembelea huuza kahawa yote, wao hunywa chai. Basi watajuaje walichouza?

Tunda la mbuni likichumwa bichi, buni yake ikikaangwa hubaki nyeupe-nyeupe. Ladha yake ni kama karanga mbichi, na mnywaji huitambua. Mnunuzi naye huitambua, akapunguza bei. Mbuni hauchanui maua yote siku moja, na matunda ya tawi moja hayaivi pamoja. Kwa hiyo chuma mekundu tu, yaache ya kijani, urudi tena baada ya siku chache. Kazi ni kubwa, najua. Watoto wakikusaidia, waonyeshe kwanza tunda lililoiva.