Sehemu ya 7: Nimehama, lakini mlango wa zamani niliuacha wazi

Mtwara, Jumamosi 9 Machi 2024



Wengi mmeniuliza, "Sista, makala zako za kwenye blogu mbona siku hizi tunaziona huku?" Leo najibu. Jibu ni refu kidogo na sehemu yake inaniuma, kwa hiyo mpe mtoto ziwa, weka chai karibu, usome taratibu.

Blogu ile niliifungua mwaka 2014. Ndiyo kwanza nimetoka chuo na diploma yangu ya uuguzi, sina hata miezi mitatu kazini. Nilikuwa naandika nikitoka zamu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Kunyonyesha, chanjo, kitovu cha mtoto, homa za usiku. Mwanzoni walionisoma ni wifi zangu na marafiki wa chuo. Baadaye ujumbe ukaanza kuja kutoka Newala, Masasi, Lindi, mpaka Dar. Nilifurahi, sitaki kudanganya.

Ikaja 2018. Mwezi Machi zilitoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kuomba leseni TCRA: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya mwaka 1,000,000. Jumla 2,100,000, na mimi blogu hainiingizii hata hela ya bando. Kwa mshahara wangu wa wakati ule, hiyo ilikuwa zaidi ya miezi mitatu. Ukikiuka, faini ilianzia milioni 5, au kifungo, au vyote viwili.

Watu wa haki za binadamu na wa vyombo vya habari wakaenda mahakamani, na kesi ikasikilizwa hapahapa kwetu, Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Tarehe 4 Mei, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, mahakama ikatoa zuio la muda. Tukapumua. Mwisho wa mwezi zuio likaondolewa, ikatangazwa kwamba mwisho ni tarehe 15 Juni. Hata JamiiForums, wakubwa wale, walizima mtandao wao kwa muda mwezi huohuo.

Mimi ni nani? Nikaacha kuandika. Sikufuta kitu, sikuaga mtu, sikuweka hata mstari mmoja wa kusema "sipo tena hapa". Baadaye simu ikaibiwa, laini niliyofungulia akaunti ikapotea, na nenosiri nikasahau. Nikajiambia basi, imekufa yenyewe.

Haikufa. Hilo ndilo sikulijua.

Agosti mwaka jana nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi. Akaletwa binti, mimba ya kwanza, ametoka vijiji vya huko chini karibu na mdomo wa Ruvuma. Bodaboda mpaka barabarani, halafu gari. Mimba ya wiki 35. Uso umevimba, kichwa kinamuuma siku ya pili, anasema anaona kama ukungu. Presha 170 kwa 110, na mkojo una protini nyingi. Mnaonifuata mnajua hapo tunaogopa nini: kifafa cha mimba. Tukamwanzishia sindano za magnesiamu na dawa ya kushusha presha, daktari akaitwa.

Nikiwa nampima tena nikamuuliza, "Mdogo wangu, kadi yako inasema urudi kliniki wiki ya 34. Mbona hukwenda?"

Akanijibu kwa upole, kama mtu asiye na kosa, "Sista, mbona niliambiwa mara nne zinatosha? Nimekwenda mara tatu, ya nne nilikuwa naisubiri wiki ya 36. Nauli yenyewe shida." Akamwambia mama yake anionyeshe kwenye simu. Ilikuwa picha ya maandishi, wifi yake alimtumia WhatsApp. "Kliniki ya mjamzito ni mara nne, mama. Usipoteze nauli bure." Chini yake jina la blogu yangu.

Jamani. Miguu iliniisha nguvu. Sikumwambia usiku ule kwamba mwandishi ni mimi. Nilimwambia siku ya nne, akiwa amekaa na mtoto wake kifuani kwa kangaruu. Alifanyiwa upasuaji alfajiri, mtoto akazaliwa na kilo 1.9, na wote wawili wapo, Mungu ni mwema. Alicheka kidogo, akasema, "Basi andika tena, sista, lakini andika vizuri." Ruhusa ya kusimulia hapa amenipa mwenyewe, jina lake libaki kwake.

Sasa sikilizeni. Nilipoandika yale mwaka 2015, yalikuwa sahihi. Ndivyo tulivyofundishwa: kabla ya wiki ya 16, kati ya 20 na 24, kati ya 28 na 32, halafu 36 kuendelea. Novemba 2016 Shirika la Afya Duniani likabadilisha, na mahudhurio yakawa angalau manane: kufikia wiki ya 12, halafu 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Angalieni hiyo 34. Ndiyo siku ambayo mashine ya presha huenda ingemkamata binti yule mapema, kabla ya kichwa na ukungu. Elimu ilisonga mbele, maandishi yangu yakabaki palepale, na hayakuwa na tarehe, kwa sababu mimi mwenyewe niliiondoa ili blogu ionekane safi.

Wiki iliyofuata nikaanza kuhama kikweli. Nikarudisha laini ya zamani, nikapata akaunti. Kwanza nikapakua nakala ya blogu nzima kwenye faili moja, nikaitunza sehemu mbili. Picha nilizishusha moja moja. Maoni ya akina mama hayakukubali kuja huku pamoja na makala, kwa hiyo yale ambayo singeweza kuyapoteza niliyanakili kwa mkono kwenye daftari. Kuna mama mmoja wa Mikindani alikuwa ameandika kuhusu mtoto wake aliyefariki. Hayo nilinakili huku nalia.

Makala zilikuwa 63. Ningeweza kuzibandika huku zote kwa jioni mbili. Badala yake nilizisoma moja moja, mwongozo wa sasa ukiwa pembeni, na kazi hiyo imenichukua miezi sita. 38 zimebaki karibu kama zilivyo. 17 nimezirekebisha. Nimo humo nimeandika SP ya malaria kwa mjamzito ni dozi mbili, wakati sasa ni tatu au zaidi. Nimo nimeandika chanjo ya HPV kwa mabinti bado haijafika kwetu, na ilianza nchi nzima 2018. Zilizobaki 8 nimezitoa kabisa. Na kule kwenye nyumba ya zamani, kila ukurasa sasa una maneno juu: sista amehama, maandishi haya ni ya zamani, usiyatumie.

Picha zilizopo kwenye simu za watu siwezi kuzifuata. Ndiyo maana nawaomba ninyi mnisaidie kwa mambo matatu.

Moja, fungua simu yako leo, tafuta ushauri wowote wa afya uliouhifadhi, wangu au wa mwingine. Kama hauna tarehe, usiufuate kabla hujauliza kituoni. Makala zangu sasa zina tarehe juu, na picha pia.

Mbili, tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi yako inashinda chochote nilichoandika mimi. Nauli ikiwa shida, mwambie nesi wa kliniki hukohuko, msirudi kimya.

Tatu, mjamzito akiumwa sana kichwa, akiona ukungu au maruweruwe, akivimba uso, au akipata maumivu makali juu ya tumbo, aende kituoni saa hiyo hiyo, hata kama jana alitoka kliniki.

Kama una ile picha ya "mara nne", ifute. Halafu mtumie hii yule aliyekutumia.

Jumamosi ijayo, sehemu ya 8: mtoto njiti nyumbani, wiki mbili za kwanza.