Mti wa Kiswahili na Mti wa Hesabu

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Muhula uliopita aliniambia kavukavu: "Braza, mimi shule basi. Kichwa changu bomu." Kisa chenyewe mstari wa grafu.

Kwenye Jiografia walipewa joto la Dar es Salaam la miezi 12. Unatia nukta, unaziunga moja baada ya nyingine, Januari mpaka Desemba. Akapata vema tupu. Wiki ileile, kwenye Fizikia, wakapima pendulamu: urefu wa uzi huku, mraba wa muda wa bembea moja kule. Naye akaunga nukta vilevile. Mwalimu akapiga mkasi mwekundu, akauliza kama ile ni milima ya Uluguru. Darasa likaangua kicheko. Maelezo hakuna.

Hapo ndipo ninapogomba, msomaji mwenzangu. Vyote viwili vinaitwa grafu, na mtoto hakuambiwa kwamba kazi zake ni mbili. Joto la Julai ni habari inayojitegemea. Dar hupoa kidogo mwezi huo, na ukipitisha rula katikati ya nukta umeifuta Julai yenyewe. Lakini nukta za pendulamu ni mashahidi wa tukio moja, na kila mmoja anapotoka kidogo: huyu kabonyeza saa mapema, yule kachelewa. Mstari mnyoofu unapita kati yao, pengine bila kumgusa hata mmoja, ukitafuta kile wanachokubaliana wote.

Majina mengine nayo ni kasheshe. Jedwali tulilijua tangu shule ya msingi. Sekondari, masomo yakageuka Kiingereza, likapewa jina lilelile la meza ya kulia chakula. Kwenye Kemia ni elementi za Mendeleev, aliyezipanga mwaka 1869. Kwenye Kiswahili unalichora kuchanganulia sentensi. Ploti ndiyo usiseme: Fizikia ni kutia nukta, fasihi ni msuko wa hadithi, mtaani ni kiwanja, na viwanja vina kesi.

Ila kinachonikosesha usingizi mimi, ninayehangaika na riwaya kwenye daftari la kaunta, ni matawi. Kwenye Kiswahili sentensi inagawanyika: kikundi nomino tawi hili, kikundi tenzi tawi lile, na unayahitaji yote ndipo sentensi isimame. Kwenye Hesabu, mada ya uwezekano, mchoro ni uleule, mti umepinduliwa, lakini matawi yanagombana. Sarafu ikiangukia upande huu, ule wa pili umepotea. Ndiyo maana sehemu zinazoandikwa kwenye matawi ya fundo moja lazima zijumlishwe zifike 1. Kule "na", huku "au". Mhusika wangu mkuu ana safari ya Mwanza na ana mchumba Temeke, na sura nne nzima sijui namchorea mti upi.

Nilimweleza dogo haya usiku mmoja, umeme umekatika, nachora kwa mkaa sakafuni. Akanyamaza, kisha akauliza: "Sasa kwa nini hawasemi?" Sikuwa na jibu.

Hesabu bado anaikwepa. Fizikia ameirudisha kwenye ratiba yake ya usiku. Ile nafasi ya ukonda aliyoahidiwa kwenye daladala la Gongo la Mboto imeshachukuliwa na jirani yetu.