Mnacheza, au Mnalinda Meza?

Hebu nikuulize. Mkitoka usiku wewe na mwenzi wako, huwa mnacheza au mnalinda meza? Usijibu haraka. Mwezi huu nakupeleka kwenye kiwanja kilichotikisa wakati wengi wetu hatujazaliwa: Uingereza ya mwaka 1988, enzi za muziki ulioitwa asidi hausi.

Kabla ya hapo, kwenda klabu kule ilikuwa shughuli ya kujionyesha. Klabu nyingi zilitaka viatu vya ngozi na shati la kola, na baunsa anakukagua mlangoni utafikiri anakuajiri. Baa zilifungwa saa 5 usiku, klabu nyingi saa 8. Wanaume wanasimama pembeni na bia zao, wanaangalia nani kavaa nini. Basi, usiku umeisha.

Kiangazi cha 1987, ma-DJ wanne wa London, wakiwemo Paul Oakenfold na Danny Rampling, walikwenda kupumzika Ibiza, kisiwa cha Hispania. Huko, kwenye klabu ya Amnesia, DJ Alfredo kutoka Argentina alikuwa akichanganya muziki wa kila aina chini ya anga, mpaka kunakucha. Jamaa walirudi nyumbani hawatulii! Mwishoni mwa mwaka huo Danny na mkewe Jenni wakaanzisha Shoom, ndani ya jimu kusini mwa London. Mume anapiga muziki, mke anasimamia mlango. Moshi wenye harufu ya stroberi umejaa ukumbini, humuoni hata aliye mbele yako. Sasa hizo nguo zako za bei mbaya nani atazitazama? Watu wakaanza kuja na fulana pana na raba, na kile kisura cha njano kinachotabasamu kikawa nembo yao. Mwaka uliofuata Oakenfold akaanzisha Spectrum, na ilikuwa Jumatatu usiku. Jumatatu, jamani! Watu walijaa.

Muziki wenyewe ulitoka kwa vijana weusi wa Chicago. Kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza kimashine, TB-303, ili kichukue nafasi ya mpiga gitaa la besi. Kikakosa soko, kikaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kundi la Phuture likakichezea kwa namna ambayo waliokiunda hawakuiwaza, kikatoa mlio wa kukwaruza na kujikunja. Wimbo wao "Acid Tracks" ukatoka 1987. Kitu kilichoshindwa dukani kikawainua watu vitini nchi nzima.

Na hapo ndipo hadithi hii inaponigusa mimi. Nina miaka 9 kwenye ndoa. Mwaka jana tulifika mahali maongezi yetu ni ada, LUKU na foleni tu. Tukitoka wikiendi, tunachukua meza, tunaagiza, kila mtu na simu yake. Tunakaa kama tuko msibani, tofauti ni kwamba msibani watu huwa wanaongea. Nilipomwambia mume wangu, akanijibu kwa upole kabisa: "Mama Brayan, klabu ni za watoto." Sikuwa na jibu, ila nililala nimeumia. Maana sikuwa naitaka klabu. Nilikuwa namtaka yule kaka aliyenikanyaga kidole kwenye harusi ya rafiki yetu, akacheka, akaendelea kucheza.

Miezi michache baadaye, kazi ilinipeleka Manchester. Nikapita mtaa wa Whitworth kuona ilipokuwa Haçienda, klabu iliyofunguliwa 1982 na kampuni ya Factory Records pamoja na bendi ya New Order. Siku hizi ni jengo la kuishi watu. Jina limebaki, muziki umehama. Nikasimama pale najiuliza: inakuwaje moto ule ukazimika?

Nisikudanganye, haikuwa raha tupu. Furaha nyingi ilikuwa ya kidonge. Ekstasi ilikuwa imepigwa marufuku Uingereza tangu 1977, lakini ilizagaa. Mwaka 1989 binti wa miaka 16 alifariki baada ya kumeza kidonge Haçienda. Wauza unga na magenge ya silaha yakafuata pesa mlangoni. Na kwa kuwa wengi walimeza vidonge na kunywa maji, baa haikuingiza kitu. Mwaka 1997 klabu ikafungwa kabisa.

Serikali nayo ilikuwa kazini. Mwaka 1989 maelfu ya vijana walikuwa wakipiga simu usiku kuuliza pati iko wapi, kisha wanaifuata kwa magari kupitia barabara ya M25 inayoizunguka London, hadi mashambani na kwenye maghala. Sheria ya 1990 ikaleta faini ya hadi pauni 20,000 na kifungo cha miezi 6 kwa waandaaji wasio na kibali. Ya 1994 ikaenda mbali zaidi, ikataja hadi muziki wa midundo inayojirudia! Kucheza kukarudi ndani, kwenye klabu zenye leseni kama Ministry of Sound, iliyofunguliwa London 1991. Biashara ikanoga.

Mimi nimejifunza nini? Kidonge hakikuwa siri ya usiku ule, ndiyo maana sikitamani. Siri ilikuwa hii: kwa saa chache hakuna aliyekuja kuonekana. Karani na mtoto wa tajiri, mweusi na mweupe, wote jasho moja. Ukimpa mwenzi wako nafasi ya kutokuangaliwa, utashangaa nani atatokea.

Kwa hiyo tumekubaliana na baba watoto. Mara moja kwa mwezi tunatoka, simu zinabaki nyumbani, na hatuchukui meza. Mara ya kwanza alisimama kama nguzo dakika 20 nzima. Wimbo wa tatu, bega likaanza kuchezacheza. Sikusema neno, nilisogea tu karibu.

Jaribu na wewe mwezi huu. Akikataa kutoka, sebule ipo. Sogezeni meza.